Kuchora uwanja wa kikapu wa watoto: anzia kwenye ringi

Baada ya kuwasaidia makocha wa timu moja ya watoto pale Makorora kuchora uwanja wao, naandika utaratibu mzima hapa, ili na wengine wa Tanga mnaofundisha kwenye zege tupu muufuate. Mtoto anayejifunza kurusha pasipo mistari anazoea umbali wa kubahatisha, na siku akiingia uwanja kamili mitupo yake haifiki. Kwa hiyo msimwachie fundi rangi peke yake. Yeye ataanza kupima kutoka ukingo wa zege, na ukingo wa zege mara nyingi haujanyooka. Ninyi pimeni kutoka kwenye ringi.

Vifaa: tepu ya kupimia ya mita 32 au zaidi, uzi wa fundi, timazi (uzito unaoning'inia kwenye uzi), waya wa kufungia nondo, misumari ya zege, chaki, tepu ya karatasi ya mafundi rangi, brashi, rola ndogo na rangi ya kuchorea barabara. Rangi ya mafuta ya milango ikataeni hata mkipewa bure. Ikilowa kidogo tu inateleza, na mtoto anayekimbilia ringi hana muda wa kuchagua pa kukanyaga. Kamba ya katani, ingawa mkoa wetu ndio kwao, iacheni: ikinyonya unyevu inabadilika urefu. Uzi wa nailoni nao unavutika, kwa hiyo unafaa kunyoosha mstari, haufai kupima umbali.

Hatua ya 1. Osheni sakafu, iacheni ikauke vizuri. Msichore wakati wa masika.

Hatua ya 2. Rekebisheni ringi kwanza. Kimo chake ni mita 3.05 hadi ukingo wa juu. Kwa watoto wasiozidi miaka 12 ishusheni hadi 2.60 kama mlingoti unaruhusu, na wapeni mpira namba 5, ulio mdogo kuliko namba 7 wa wakubwa. Hili nalisisitiza kila ninapokwenda. Mtoto wa miaka 9 akipewa mpira namba 7 na ringi ya wakubwa, anaurusha kwa kujikunja kutoka kiunoni, na mtindo huo ukishamkaa kuuondoa ni kazi kubwa.

Hatua ya 3. Tafuteni kitovu cha ringi. Fungeni nyuzi mbili zikatize ringi na kukutana katikati, kisha teremsheni timazi kutoka pale zinapokutana. Fanyeni alfajiri kabla upepo wa baharini haujaanza, maana timazi ikiyumba mtabishana hadi adhuhuri. Pigeni msumari pale inapotua. Fanyeni hivyo kwenye ringi ya pili, kisha vuteni uzi kati ya misumari miwili. Huo ndio mstari wa katikati, na kila kipimo kitatoka kwake. Kama mna ringi moja, chagueni mstari unaoukalisha uwanja vizuri ndani ya zege, halafu geuzeni ubao uufuate.

Hatua ya 4. Skwea. Hapa ndipo saa zinapopotea, kwa hiyo someni taratibu. Kutoka kitovu cha ringi rudini nyuma mita 1.575 juu ya mstari wa katikati, wekeni alama A. Hapo ndipo mstari wa nyuma utakapopita, na lazima ukatize mstari wa katikati kwa pembe mraba kamili. Kosa la digrii moja tu linasogeza kona ya mbali karibu nusu mita katika uwanja wa mita 28, na kwa macho hamtaliona mpaka rangi ikauke.

Tumieni tatu-nne-tano ya mafundi, yaani pembetatu ya pande 3, 4 na 5 inayotoa pembe mraba, lakini iongezeni mara mbili iwe 6, 8 na 10, kwa sababu pembetatu ndogo inaficha kosa. Kutoka A ingieni uwanjani mita 8 juu ya mstari wa katikati, wekeni alama B. Mmoja ashike tepu A na kuchora kipande cha duara cha mita 6 kuelekea pembeni, mwingine ashike tepu B na kuchora cha mita 10. Vinapokutana ni alama C. Rudieni upande wa pili mpate D. Sasa vuteni uzi kutoka C hadi D: ni lazima upite juu ya A. Ukipita pembeni yake, hata kwa upana wa kidole, msigawane tofauti, rudini mpime upya. Angalieni pia kwamba tepu haijalegea wala haikupinda juu ya kokoto.

Uzi ukikubali, urefusheni hadi mita 7.5 kila upande wa A. Hizo ni kona mbili. Fanyeni vivyo hivyo upande wa ringi ya pili, kisha pimeni kutoka kona hadi kona kwa mshazari. Uwanja wa mita 28 kwa 15 unatoa 31.76, nusu uwanja wa 14 kwa 15 unatoa 20.52. Mishazari miwili isipolingana, msifungue kopo la rangi.

Zege ikiwa fupi, punguzeni katikati ya uwanja. Vipimo vya karibu na ringi viacheni kama vilivyo, maana hapo ndipo mtoto anapojifunza. Mlingoti ukiangukia ndani ya mstari, uzungushieni godoro kuukuu.

Hatua ya 5. Boksi, yaani eneo la mbele ya ringi, lina upana wa mita 4.90, na mstari wa mitupo huru uko mita 5.80 kutoka mstari wa nyuma. Mkikuta boksi la zamani linalotanuka kuelekea nyuma, lifuteni. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ililibadili kuwa mstatili mwaka 2010. Kwa wadogo ongezeni mstari wa rangi nyingine mita 4 kutoka usawa wa ubao.

Hatua ya 6. Mstari wa pointi tatu, ambao mtupo kutoka nje yake una pointi tatu. Duara linachorwa kutoka kitovu cha ringi, halichorwi kutoka mstari wa nyuma. Nusu kipenyo ni mita 6.75 hadi ukingo wa nje. Tumieni waya, sokoteni kitanzi kwenye msumari, mpime kutoka msumari hadi ncha ya chaki. Choreni 6.75, kisha 6.70, mpate upana wa sentimita 5. Pembeni kuna mistari iliyonyooka, sentimita 90 kutoka mstari wa pembeni, hadi ikutane na duara karibu mita 3 kutoka mstari wa nyuma.

Hatua ya 7. Bandikeni tepu ya karatasi, pakeni rangi mara mbili, ondoeni tepu kabla rangi haijakauka kabisa. Pakeni asubuhi. Jioni watoto wakitoka madrasa watakuja moja kwa moja uwanjani, kwa hiyo wekeni madawati kuzunguka na kocha mmoja abaki pale hadi kesho yake mazoezi yaanze.