Kuomba Wakati Maneno Yamekauka

Ukiwa na msiba mbichi, usianze na Zaburi ya 23. Najua ndiyo inayosomwa makaburini, lakini moyo uliojeruhiwa hauifikii haraka. Mume wangu alipofariki nilianza na ya 13. Ina mistari 6 tu, na inamuuliza Mungu bila kuficha: "Hata lini?" Isome kwa sauti, hata kama ni ya kunong'ona ili watoto wasiamke. Mstari wa 5 unageukia tumaini. Kama moyo wako haujafika huko, ishia wa 4. Kesho utaendelea.

Usiku ukiwa mzito zaidi, fungua ya 88. Hiyo inaishia gizani kabisa, na bado imo ndani ya Biblia! Mimi imenishika mkono kuliko wale wote walioniambia "usilie, mshukuru Mungu". Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro, na msalabani alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22.

Kisha, usijifungie. Wanajumuiya wakija jioni, wafungulie hata kama nyumba haijafagiwa. Sauti ikigoma, shika tu kitabu cha nyimbo, wao watakuimbia. Mtafute mama mmoja unayemwamini umweleze mambo yenyewe: ada, kodi ya nyumba, nguo za marehemu ambazo huwezi kuzigusa. Aombe kwa kuyataja hayo.

Na ukianza kuona heri ufe, nenda hospitali siku hiyohiyo, mama huyo akusindikize.