Kusoma Hame Kabla ya Kuwasha Ditekta: Mwongozo wa Viunga vya Dar es Salaam

Hame, yaani mahali palipohamwa na watu, halijifichi kwa anayejua kusoma miti. Ukiwa porini upande wa Kimbiji, Msongola au Chanika, ukaona miembe mitatu mikubwa imepangana katikati ya vichaka, ujue hapo paliishi watu. Mwembe mmoja unaweza kuota kwa kokwa iliyotupwa na mpita njia. Mitatu kwa mstari haijipandi. Mkwaju, mzambarau, mnazi uliokatika kichwa, mstari wa minyaa uliokuwa ua, vyote vinasema jambo hilohilo. Kisha tazama chini: vigae vya vyungu, mafiga, mawe ya matumbawe yasiyo na sababu ya kuwa hapo, na shimo pana la udongo uliochimbwa ili kukandika kuta. Shimo hilo huwa karibu na nyumba, kwa sababu hakuna aliyebeba udongo umbali mrefu bila sababu.

Wengi hukosea hapa. Mtu anafika na ditekta mpya, mashine ya kutafuta metali ardhini kama sarafu za zamani, anaiwasha, anazunguka saa tatu na kurudi na misumari. Ditekta haitafuti, inajibu tu pale ulipoipeleka. Kazi ya kutafuta ni yako, na unaifanya kwa macho kabla ya kubonyeza kitufe chochote.

Ruhusa kwanza

Hame lina mwenyewe, hata kama watu waliondoka wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Anza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akuelekeze kwa wazee wa ukoo. Wazee wana faida nyingine: watakuonyesha makaburi yalipo. Kaburi la hame mara nyingi ni mawe machache tu au mti mmoja, na hapo hupitishi mashine kabisa.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda vitu na majengo ya kabla ya 1863. Kuchimba ili kutafuta vitu hivyo kunahitaji leseni, na ukikutana navyo kwa bahati unapaswa kutoa taarifa. Kwa hiyo magofu ya Kunduchi au Kaole si mahali pa kupeleka ditekta, na gofu lolote la matumbawe usilolijua umri wake liache kwanza, ukaulize Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi iko chini ya TFS, wakala wa misitu, na Pori la Akiba Pande liko chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Huko huingii na jembe. Yanayobaki kwa mtu wa kawaida ni mahame ya karne iliyopita kwenye mashamba ya watu waliokuruhusu, nayo ni mengi.

Chora nyumba iliyokufa

Nyumba ya miti na udongo ikiachwa, paa huanguka kwanza, kisha mvua inayeyusha kuta. Udongo wa kuta hujikusanya juu ya sakafu na kuacha tuta la chini, lenye majani ya rangi tofauti kidogo na ya pembeni. Maana yake kwako ni hii: kitu kilichodondoka sakafuni sasa kinaweza kuwa sentimita 30 au 40 chini, nje ya uwezo wa mashine nyingi kwa kitu kidogo kama sarafu. Usianze juu ya tuta. Anza pembeni yake.

Tafuta upande wa mbele, ambako palikuwa na baraza. Mara nyingi ni upande unaotazama njia ya zamani au mti mkubwa wa kivuli. Watu walikaa pale, wakacheza bao, wakahesabu fedha. Mita tatu hadi sita mbele ya baraza, nje ya udongo ulioporomoka, ndipo penye sarafu. Pa pili ni chini ya mwembe wenyewe. Pa tatu ni njia ya kisimani, na hapa kuna jambo ambalo anayesoma vitabu vya Ulaya hawezi kulijua: mwanamke alifunga senti kwenye pindo la khanga, na fundo lilifunguka alipoinama kuteka maji au kujitwisha ndoo. Mita chache kuzunguka kisima cha zamani hustahili muda wako kuliko sebule nzima. Usikaribie mdomo wa kisima chenyewe, wala shimo la choo. Kingo zake huwa zimelika kwa chini na hazikupi onyo.

Uani utakuta jiko na jalala la majivu. Jalala hujaa vipande vya sufuria, vizibo na makopo. Lipitie mwisho, ukiwa na nguvu za kuvumilia takataka.

Misumari nayo inasimulia. Nyumba ya makuti ilifungwa kwa kamba na kutumia misumari michache sana. Ukipata misumari ya bati yenye kofia imetapakaa kwa umbo la mstatili, umepata alama ya paa la mabati, na pembe za mstatili huo zinakupa pembe za nyumba.

Mashine

Ditekta nyingi zinazopatikana nchini zimeletwa kwa watafutaji wa dhahabu. Angalia usije ukanunua ya mfumo wa mapigo (pulse induction), kama Minelab GPX, kwa kazi ya mahame. Inaenda kina kirefu na kuvumilia udongo mgumu, lakini ni dhaifu katika kutenganisha chuma na metali nyingine, na hame ni chuma kitupu. Unataka mashine ya kawaida ya masafa ya chini (VLF), au ya masafa mengi kwa pamoja, yenye kitufe cha kusawazisha ardhi, yaani kuifanya isilie kwa madini ya udongo wenyewe. Masafa ya kHz 10 hadi 15 yanatosha.

Sahani ni lile duara la chini unalolipitisha juu ya ardhi; ndogo ya inchi 5 au 6 ni bora kuliko ya inchi 11 inayokuja na mashine. Sahani kubwa huona misumari minne na sarafu moja kwa wakati mmoja, na chuma hufunika sauti ya sarafu. Ndogo inapoteza kina, labda unabaki na sentimita 10 hadi 15 kwa sarafu, lakini inachungulia katikati ya misumari.

Vingine: kitafutio kidogo cha mkononi, kijiko imara cha bustani, panga, kiroba kitupu, hedifoni, betri za akiba, maji, gambuti. Shati liwe la mikono mirefu, maana upupu wa vichaka vya pwani utakutoa hameni kabla ya saa nne asubuhi. Mbele yako piga ardhi kwa fimbo; kifutu hakimbii, hulala palepale akingoja ukanyage.

Wakati mzuri ni mwishoni mwa Juni hadi Agosti. Majani yanaanza kunyauka, na sentimita kumi chini udongo bado una unyevu wa masika, hivyo unachimbika bila sululu.

Kusawazisha na kupitisha

Tafuta sehemu isiyo na metali. Bonyeza kitufe cha kusawazisha, inua na kushusha sahani kati ya sentimita 3 na 30 kutoka ardhini mpaka sauti itulie. Kwenye mchanga mweupe wa Kigamboni mara moja inatosha. Kwenye udongo mwekundu wa vilima vya Pugu, wenye madini ya chuma, rudia kila hatua 20 au 30, la sivyo mashine italialia bure na utadhani imeharibika. Karibu na bahari chumvi ya mchanga wenye maji huleta kelele kama hiyo; punguza usikivu. Chini ya nyaya kubwa za umeme punguza pia, na simu yako iwe imezimwa au mbali na sahani.

Usizime chuma kabisa kwenye kichujio, mpangilio wa mashine unaonyamazisha metali usizozitaka. Hili ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote. Msumari ukiwa sentimita tano kutoka kwenye sarafu, kichujio kilichokazwa hunyamazisha vyote viwili. Acha chuma kiwe na sauti nzito ya chini, halafu sikiliza sauti ya juu inayochomoza ndani yake.

Jifunze sauti hiyo nyumbani. Weka msumari wa bati juu ya ardhi, weka senti 20 ya zamani yenye picha ya mbuni sentimita tano pembeni, pitisha sahani kutoka pande nne. Upande mmoja utasikia chuma kitupu, upande mwingine sarafu itajitokeza kwa mkato mfupi na safi. Rudia mpaka sikio litambue mkato huo bila kutazama kioo.

Uwanjani, funga kamba kwenye vijiti upate mraba wa mita 5 kwa 5. Sahani iwe sentimita 2 au 3 juu ya ardhi, sambamba nayo. Usiiinue mwisho wa mkono, kwani hapo ndipo kina hupotea. Pitisha upana wa mita moja kwa sekunde tatu hivi, kisha sogea mbele nusu ya sahani tu. Ukimaliza, pita mraba uleule kwa kukatisha. Kwa sahani ya inchi 6, mraba mmoja utakula zaidi ya nusu saa bila kuhesabu kuchimba. Ukimaliza kwa dakika kumi, hujaupita.

Sauti inayojirudia kwenda na kurudi, na kubaki ileile ukizunguka robo duara, ichimbe. Sauti ya upande mmoja tu kwa kawaida ni ncha ya msumari. Inua sahani sentimita 15: sarafu hufifia, kipande cha sufuria au debe huendelea kulia. Kizibo cha soda ndicho mwongo mkubwa. Hutoa sauti nzuri katikati, lakini ukivuta sahani haraka kuelekea kwako, sauti yake huvunjika na kuingia kwenye mkoromo wa chuma.

Kabla hujachimba Mbagala au Gongo la Mboto

Milipuko ya maghala ya silaha ya Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009, na ya Gongo la Mboto, tarehe 16 Februari 2011, ilirusha mabomu mbali, na si yote yaliyolipuka. Makombora mengi ya mizinga huwa na mshipi wa shaba karibu na kitako, na mshipi huo hulia kwenye ditekta kwa sauti tamu ya sarafu kubwa. Maeneo hayo na jirani zake yaache kabisa. Popote pengine, kijiko kikigusa kitu cha duara, kirefu, kilichochongoka upande mmoja, simama. Usikivute, usikigonge, usikimwagie maji. Rudi kwa nyayo zako, weka alama mbali, zuia watoto, piga 112.

Kuchimba

Bainisha mahali hasa kwa kitafutio cha mkononi, kisha kata duara sentimita 8 hadi 10 kutoka katikati. Wanaochoma kijiko juu ya sauti ndio wenye sarafu zenye makovu. Inua kibonge kizima, kiweke juu ya kiroba, kagua shimo tena, kagua kibonge. Rudisha udongo wote, kanyaga, rudisha majani juu. Ukuta wa matumbawe uliosimama usichimbe ndani ya mita moja kutoka msingi wake.

Umeshika nini

Sarafu yenye tundu watu huiita ya Mwingereza bila kutazama. Mjerumani naye alitoa sarafu za heller 5 na 10 zenye tundu (heller ndiyo iliyokuwa senti ya rupia yake), soma maandishi. Za Afrika Mashariki ya Waingereza zina pembe za ndovu kulizunguka tundu. Shilingi ya simba ya 1921 hadi 1946 ina robo ya fedha, za baada yake hazina. Sarafu ya shaba yenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria ni pesa ya Sultani Barghash wa Zanzibar, 1882. Za 1966, zenye sura ya Mwalimu Nyerere, ndizo utakazozipata zaidi: samaki kwenye senti 5, mbuni kwenye 20, sungura kwenye 50.

Hazina ya Mjerumani usiisubiri. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ilitengenezwa Tabora mwaka 1916, mbali na hame lako, na anayekuuzia ramani yake au rupia yenye nguvu za ajabu ni tapeli. Rupia halisi ya fedha ina uzito wa gramu 11.66, mizani ndogo ya sonara inamaliza ubishi.

Usisugue. Ndimu, ukwaju na majivu vinavyong'arisha sinia ya shaba nyumbani vitakula uso wa sarafu na maandishi yake, na hayarudi. Loweka kwenye maji safi usiku kucha, badilisha maji mara mbili, ondoa udongo kwa kijiti cha mti laini, kausha kivulini. Kila kitu kiwe na bahasha yake, juu yake umeandika jina la hame, tarehe, kina kwa sentimita, na upande kilipokuwa: baraza, mwembe, au njia ya kisimani.