Jinsi ya kufika mwisho wa mchezo mrefu wa mikakati ya angani kabla hamu haijaisha

Mwanzo wa michezo hii ni mtamu. Meli ya uchunguzi inaingia kwenye mfumo wa nyota ambao hakuna aliyewahi kuuona, koloni la kwanza linaanza kukua, jirani anajitokeza na hujui kama ni rafiki au adui. Saa kumi za kucheza baadaye himaya ina sayari arobaini, taarifa za majengo yaliyokamilika zinamiminika, na mchezaji anaona heri aanze upya na jamii nyingine. Wengi hujilaumu kwa kukosa subira. Mara nyingi kosa liko kwenye ukurasa wa mipangilio, ule ambao karibu kila mtu huupita mbio ili aanze kucheza.

Mambo mawili huua hamu, na huja kwa pamoja. La kwanza ni kwamba mshindi hujulikana mapema: sayari huzaa rasilimali, rasilimali huzaa meli, meli huleta sayari nyingine, na aliyetangulia huzidi kutangulia. La pili ni kazi. Ukitumia dakika moja kukagua kila koloni, koloni tano ni dakika tano na koloni arobaini ni dakika arobaini. Isitoshe, mgodi mmoja uliokuwa na maana kubwa mwanzoni sasa hauonekani hata kwenye hesabu. Kazi inapanda huku mashaka yakishuka.

Kabla ya kuanza

Tuchukue Stellaris, mchezo wa kampuni ya Paradox uliotoka 2016, kwa kuwa una vitufe vingi vya kurekebisha. Kwa mipangilio ya kawaida kalenda inaanza 2200, matukio ya kipindi cha kati yanafunguka 2300, ya mwisho 2400, na mwaka 2500 mshindi anatangazwa kwa kulinganisha alama. Mwaka wa mchezo huo una siku 360, kwa hiyo miaka hiyo 300 ni siku 108,000 za kupitisha. Badilisha tarehe hizo ziwe 2250, 2325 na 2400, na theluthi nzima inaondoka. Sehemu inayoondoka ni ile ambayo kwa kawaida huwa ni kusubiri tu.

Ukifupisha kalenda, shusha pia gharama ya utafiti hatua moja chini ya 1x, yaani kiwango cha kawaida. Usipofanya hivyo, janga la mwisho wa mchezo, yaani adui mkubwa anayetishia galaksi nzima, litakukuta bado una silaha za zamani, nawe utaacha kucheza kwa sababu nyingine kabisa. Nguvu ya janga iache kwenye 1x kwa mara ya kwanza.

Kisha ukubwa. Galaksi ya nyota 1,000 inavutia kwenye picha, lakini ya nyota 400 inatosha, ikiwa na wapinzani sita hivi. Ukipunguza nyota bila kupunguza wapinzani, kila himaya itabanwa na mipaka mapema na vita vitaanza kabla hujajenga chochote. Wapo wanaopenda hivyo. Punguza pia sayari zinazofaa kuishi hadi 0.5x, ila zile mbili ambazo mchezo unakuhakikishia karibu na nyumbani ziache. Hapa ndipo kazi inapopungua kweli, maana kila sayari isiyofaa ni koloni ambalo hutalikagua.

La mwisho kwenye ukurasa huo ni ugumu unaopanda taratibu. Ukichagua kiwango cha juu pekee, kompyuta inapewa faida zake zote tangu siku ya kwanza, inakuminya mwanzoni, na ukinusurika unaipita na hairudi tena. Ukiwasha upandaji wa taratibu, faida hizo zinaongezeka kadiri miaka inavyokwenda, na mpinzani anakuwa na makali wakati ule ambao wewe ungeanza kusinzia. Amua haya yote sasa, kwa sababu mchezo ukishaanza mengi yake hayabadilishwi.

Katikati

Jiwekee lengo lenye tarehe. "Kutawala galaksi" si lengo. "Kufikia 2300 niwe kiongozi wa shirikisho lenye himaya nne" ni lengo, na linakuambia vita gani uviache na teknolojia gani uziruke.

Unaposhinda vita, usimeze kila sayari. Mfanye aliyeshindwa kuwa himaya tegemezi: unapata msaada wake vitani na mchango wake, naye anabaki na mzigo wa kujenga. Meli nazo zikusanye kwenye makundi makubwa mawili au matatu. Makundi kumi madogo yanakula muda wako na huangamizwa moja moja.

Koloni zilizokwisha kukomaa zikabidhi kwa kompyuta, lakini ipe kila sayari kazi yake kwanza (madini, chakula, utafiti), kwa sababu ujenzi wa kiotomatiki hufuata kazi hiyo. Ukiruka hatua hii, usishangae ukikuta majengo yasiyo na mpangilio na hazina imekauka. Koloni changa zisimamie mwenyewe. Huko uamuzi bado una uzito. Anayechoshwa na usimamizi kuliko kitu kingine ajaribu Distant Worlds 2 ya 2022, ambapo karibu kila idara inaweza kuachiwa kompyuta nawe ukabaki na ile unayoipenda tu.

Zima taarifa ambazo hujazifungua kwa muda mrefu. Ukiamka kutoka kwenye kiti, andika mistari mitatu: vita vinavyoendelea, kitu unachokisubiri, hatua inayofuata. Michezo mingi iliyohifadhiwa haifunguliwi tena kwa sababu mwenyewe amesahau alikuwa akifanya nini.

Wakati wa kutangaza ushindi

Master of Orion ya 1993 ilikuwa na dawa nzuri ya ugonjwa huu: baraza la galaksi lilipiga kura kwa uzito wa idadi ya watu, na mwenye theluthi mbili alishinda palepale, bila kufukuzana na sayari za mwisho. Mchezo wako ukikosa baraza kama hilo, jiwekee kanuni yako kabla ya kuanza. Fungua ukurasa wa diplomasia, linganisha meli, uchumi na teknolojia. Ukiwazidi wapinzani wawili wanaokufuata hata wakiungana, na hakuna janga linalokuja, umeshinda; hifadhi na ufunge. Kama janga bado lipo, acha kupanua mipaka, peleka uchumi wote kwenye meli, na upitishe miaka iliyobaki kwa kasi ya juu kabisa hadi litokee.