Somo: Vifaa vya kujikinga saiti, hasa mkanda wa kupandia juu

Ninaandika somo hili kwa sababu swali la wapi pa kufunga mkanda hurudi kila mara, na jibu lake fupi limekwisha kuwaponza watu.

1. Kofia ngumu: kaza utepe wa ndani hadi isicheze unapoinama. Ikipata kishindo kikubwa itupwe, hata kama huoni ufa.

2. Buti: ziwe na ncha ya chuma na soli isiyopenywa na msumari.

3. Glovu: kwa zege bichi vaa za mpira, kwani saruji yenye maji huunguza ngozi polepole, na maumivu huja baadaye.

4. Mkanda wa mwili mzima: kagua mishono na vifungo. Pete ya mgongoni ikae katikati ya mabega, na mikanda ya mapaja ipitishe kiganja kilichonyooshwa, si ngumi. Funga kamba ya mkanda kwenye boriti imara iliyo juu ya kichwa chako, kamwe si kwenye mrunda wa jukwaa wala bomba la maji. Kamba ya mita 2 iliyofungwa usawa wa miguu hukuacha uanguke zaidi ya mita 3 kabla ya kukaza. Hata ukiifunga juu, piga hesabu ya nafasi iliyo wazi chini ya pale ulipofunga: kamba mita 2, kifyonza mshtuko (kipande cha kamba kinachofunguka ili kupunguza mkiki wa anguko) kinachoweza kurefuka hadi mita 1.75, mwili kuanzia pete hadi nyayo kama mita 1.5, na mita 1 ya tahadhari, jumla mita 6.25. Nafasi ikipungua hapo utafika chini ukiwa umevaa mkanda, kwa hiyo weka reli za pembeni au tumia kamba fupi. Mkanda uliokwisha kuzuia anguko hauvaliwi tena.

Maswali ya wanachama

*Kwa kifupi, mkanda nifunge wapi?*
Hatua ya 4. Isome yote.

*Mbona sisi tunafunga popote na hatujaanguka?*
Kutoanguka hakujaupima mkanda wenu. Pimeni nafasi kabla ya kupanda.

*Tajiri anatukata mshahara kwa ajili ya buti. Ni halali?*
Kwa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri ndiye atoe vifaa hivyo. Pelekeni suala hilo OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi.

*Mwalimu, mtu akibaki ananing'inia, kuna haraka gani ikiwa mkanda umemshika?*
Ahsante kwa kuuliza, ndugu yangu. Akitulia wima, damu hukusanyika miguuni, naye anaweza kuzimia na hata kufa. Achezeshe miguu, au akanyage kitanzi cha kamba akiwa nacho, huku wenzake wakimshusha. Njia ya kumshusha ipangwe kabla hajapanda.

*Je, tunaweza kupaka kofia rangi ili kutofautisha mafundi na vibarua?*
Msipake. Thina na baadhi ya rangi hudhoofisha plastiki. Nunueni kofia za rangi tofauti, au tumieni stika ambazo mtengenezaji wa kofia ameziruhusu.