Mpaka wa Eneo Unapohama Dirishani: Namna ya Kuukagua Katika Revit

Ofisi inapopangishwa kwa mita za mraba, mpaka wa eneo ukihama sentimita 10 tu kwenye upande wenye urefu wa mita 20, mpangaji anaongezewa au anapunguziwa mita 2 za mraba. Nilikutana na tatizo hilo kwenye Revit, programu ya kompyuta ya kuchora majengo, katika mchoro wa jengo la ofisi la Area D, hapa Dodoma, ambapo chumba kimoja kilipimwa hadi uso wa ndani wa ukuta, na jirani yake hadi kwenye kioo cha dirisha. Kabla hujaushika mstari wa mpaka na kuuvuta kwa mkono, pitia hatua hizi.

Kwanza, hakikisha umefungua mpango wa maeneo wa "Rentable" (eneo la kupangisha), kwa kuwa ule wa "Gross Building" (eneo la jengo zima) hupima hadi uso wa nje wa kuta za nje.

Pili, futa mistari iliyochorwa kwa mkono, uchague "Area Boundary" (mpaka wa eneo), kisha "Pick Lines" (chukua mistari), uweke tiki kwenye "Apply Area Rules" (tumia kanuni za eneo) na kubofya ukuta mmoja mmoja. Mstari wa mkono haufuati kanuni yoyote. Hubaki pale pale ulipouweka.

Tatu, pima kimo cha dirisha dhidi ya kimo cha ukuta, maana kiini cha tatizo mara nyingi kiko hapa. Dirisha likizidi asilimia 50 ya kimo cha ukuta, mpaka huenda kwenye uso wa kioo. Lisipozidi, hubaki uso wa ndani wa ukuta. Kwenye ukuta wa mita 3, dirisha la mita 1.8 ni asilimia 60, na la mita 1.2 ni asilimia 40, hata kama upana wake ni mita 4. Sisi hupunguza kimo cha madirisha ya magharibi kwa sababu ya jua kali la alasiri, kwa hiyo ghorofa moja kuwa na mipaka ya aina mbili si lazima liwe kosa. Kosa langu lilikuwa kwingine: upande mmoja nilikuwa nimechora ukuta mmoja kutoka msingi hadi paa, wenye kimo cha mita 12, na dirisha la mita 1.8 likawa asilimia 15 tu. Niliugawa ukuta huo ghorofa kwa ghorofa, kisha nikaichukua mistari upya.

Nne, bofya kila eneo uangalie "Area Type" (aina ya eneo), kwa sababu ofisi na duka hazifuati kanuni moja. Ukiona "Not Enclosed" (eneo halijafungwa), kagua pembe. Mara nyingi mistari miwili haijagusana.

Mkataba wa pango ukitaja namna nyingine ya kupima, ondoa tiki ya kanuni na uchore mipaka yote kama mkataba unavyosema, kisha uandike kipimo hicho kwenye mchoro ili mkadiriaji majenzi akione.