Unapiga ngoma na unataka iwe kazi? Fanya hivi

Wadogo zangu mnaopiga dumbak, konga, dramu za kanisani, kupiga peke yake hakukulishi mwaka mzima. Msimu wa harusi na sendofu hela ipo, afu Ramadhani ikiingia ni kimya, shughuli hakuna, masika ikifika hoteli za Unguja wageni wanapungua na bendi zinapunguza watu. Kufundisha ndo kunaziba hapo, kwaiyo jiandae kwa vyote viwili toka mwanzo.

Ukipata nafasi ya kusoma nenda. TaSUBa Bagamoyo, kile Chuo cha Sanaa cha tangu 1981, wana ngoma za makabila, na Unguja kuna Dhow Countries Music Academy, imeanza 2002, taarab na kidumbak ndo kwao. Ila usiache kukaa nyuma ya wazee kwenye shughuli. Kidumbak ni kikundi kidogo, fidla, sanduku (besi ya boksi lenye kamba), ngoma mbili ndogo, mkwasa (vijiti vya kugonganisha) na cherewa (manyanga ya kutikisa), omba kupiga cherewa kwanza. Wengi wanaona wamedharauliwa, mi naona ndo shule yenyewe maana ukiyumba wewe wanayumba wote na wachezaji wanakugeukia palepale.

Siku ya shoo fika mapema. Ngozi ya mbuzi ikila unyevu wa pwani inalegea na sauti inakufa, ipashe kwa moto wa mkaa ukiwa unaigonga gonga, ikianza kulia juu itoe, ukizidisha inapasuka. Hela, nauli na muda wa kumaliza mkubaliane kabla, hata kwa meseji tu.

Sasa kufundisha, hapa ndo wapigaji wazuri wengi wanakwama, wanapiga haraka haraka wanamwambia mtoto "haya fanya hivyo". Mtoto usimpe ngoma siku ya kwanza! Mpe mdomo kwanza: dum ni katikati ya ngozi, tak ni pembeni, aitamke huku anatembea, akiweza kuisema bila kukimbia ndo mikono ifuate. Afu wagawe makundi mawili, wote wahesabu mpaka sita na kurudia, kundi moja lipige makofi kwenye 1 na 4, lingine kwenye 1, 3 na 5. Hapo wanasikia mbili na tatu zinatembea pamoja na kukutana kwenye 1, na ngoma zetu nyingi zimekaa juu ya hiyo. Wakizoea wabadilishane, na usiwaharakishe, hata wiki kadhaa zikipita kwenye hilo moja ni sawa kabisa.

Na wasichana tafadhali wapeni ngoma, sio kuimba tu. Mzazi akikataa mwambie akawaangalie kina mama wa Kigogo wanavyopiga muheme, ngoma imebanwa katikati ya mapaja na hakuna anayewashangaa.

Ada chukua mwanzo wa mwezi. Shule za binafsi nyingi zina vipindi vya klabu jioni, nenda na ngoma yako uombe kuonyesha darasa moja bure, ni rahisi kuliko kupeleka barua.

Mwisho rekodi video, moja uko peke yako na moja uko na kikundi, maana tamasha la muziki kama Sauti za Busara la Zanzibar la kila Februari linataka watu wa kupiga laivu na maombi yanapelekwa miezi mingi kabla. Simu iweke mbali kidogo besi isipasuke, na mikono yako ionekane yote.