Kupiga hesabu ya faini za Marekani zinazopanda kwa mfumuko wa bei

Vikwazo vya Marekani si habari ya mbali kwa watu wa bandari ya Malindi, Zanzibar. Mwaka 2012 meli za mafuta za Iran zilikutwa zimesajiliwa kwa bendera yetu ya Tanzania kupitia Zanzibar, na malipo ya dola aghalabu hupitia benki za Marekani. Wakala wa meli au msafirishaji wa mwani anayepima hatari hiyo asitumie kiasi kilichoandikwa kwenye sheria zamani. Faini hizo hupandishwa.

Sheria ya kule, iliyorekebishwa mwaka 2015, inazitaka taasisi za udhibiti zipandishe faini zisizo za jinai kila mwaka, ifikapo Januari 15. Chukua fahirisi ya bei kwa mlaji (namba inayopima kupanda kwa bei za bidhaa) ya Oktoba iliyopita, igawe kwa ya Oktoba ya mwaka wa nyuma yake. Kwa mwaka 2025 ni 315.664 kugawanya kwa 307.671, jibu 1.02598. Usiikate ikawa 1.026, kwenye kiasi kikubwa dola zitapishana. Zidisha kwa kiwango cha mwaka uliotangulia, kisha kadiria hadi dola nzima iliyo karibu. Faini ya juu ya kuvunja vikwazo vingi ilikuwa dola 368,136 mwaka 2024, ikawa 377,700.

Ukiruka miaka, zidisha mwaka baada ya mwaka na ukadirie kila hatua. Kutoka 330,947 ya mwaka 2022, vizidisho ni 1.07745, 1.03241 na 1.02598. Anayejumlisha asilimia tatu hizo (7.745, 3.241 na 2.598) kwa mpigo hupata 375,903, pungufu ya dola 1,797 kuliko 377,700.

Kosa zito zaidi liko kwenye tarehe. Kinachotazamwa ni siku faini inapotozwa, kwa hiyo kosa la 2022 likitozwa faini mwaka 2025 baada ya kiwango kipya kuanza, hubeba kiwango hicho kipya.

Tena, kwa vikwazo hivyo, ukomo ni kiasi hicho au thamani ya muamala mara mbili, kilicho kikubwa. Shehena ya dola 300,000 inafikisha 600,000, na hiyo haizidishwi kwa mfumuko wa bei. Faini za Sheria ya Ushuru ya 1930 na za kodi ya mapato zimeachwa nje ya utaratibu huu kabisa; ukiziona kwenye barua, usizipandishe.